Mbio za ramani: Mzee, mji unaujua, ila karatasi unaisoma?

Dodoma. Mwambie mkazi wa siku nyingi wa Dodoma kwamba anaweza kupotea kati ya Nyerere Square na Soko la Majengo, atakucheka. Mji huu anaujua kama kiganja chake. Sasa mpe ramani, mwoneshe kiduara cha zambarau nyuma ya jengo fulani, kisha mwambie afike hapo huku saa inahesabu. Kicheko kitakata.

Huo ndio mchezo wa orienteringi, au kwa lugha nyepesi, mbio za ramani. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norway, Oktoba 31, 1897, na shirikisho la kimataifa likaundwa 1961 jijini Copenhagen. Kwa miaka mingi ulikuwa mchezo wa msituni. Aina yake fupi, inayochezwa mitaani, vichochoroni na kwenye viwanja vya vyuo, iliingia mashindano ya dunia mwaka 2001 huko Tampere, Finland.

Kwa hapa nyumbani mchezo huu bado mgeni. Lakini kwa mtu mzima anayetafuta mazoezi, aliyechoka kuzunguka uwanja kama saa ya ukutani, huu unaweza kuwa mchezo wake.

KAZI IKO HAPA

Mambo yenyewe ni hivi. Wachezaji huondoka mmoja mmoja, kwa kupishana muda. Ramani unapewa saa yako ikifika, si kabla. Pembetatu ni mahali pa kuanzia, viduara ni vituo, duara mbili ni mwisho. Kila kituo kina kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe, chenye namba yake. Unavifuata kwa mpangilio. Ukiruka kimoja, matokeo yako hayahesabiwi, hata kama umekimbia kama duma.

Njia ya kutoka kituo hadi kituo unachagua mwenyewe. Upite kushoto kwa jengo au kulia? Uzunguke ukuta au ufuate ngazi? Hapo ndipo mbio zinaposhindwa au kushindika.

Watanzania wanamkumbuka Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.2 kule Christchurch, Februari 2, 1974. Bayi aliongoza tangu mwanzo, wenzake wakabaki kumfukuza. Lakini uwanjani hakuna njia panda. Kwenye mbio za ramani, anayechomoka kabla hajajua aendako anakuwa wa kwanza kufika mahali pasipo na kituo.

Piga hesabu. Njia ina kilomita 2.5. Kijana anakimbia kila kilomita kwa dakika tano, mzee wa miaka 60 kwa dakika nane. Kwa miguu tu, kijana atamaliza kwa dakika 12 na nusu, mzee kwa dakika 20. Sasa kijana akaingia kichochoro kisichotoka, mita 200 kwenda na 200 kurudi: dakika mbili zimeenda. Akikosea mara tatu, ni dakika sita. Ile tofauti ya dakika saba na nusu inabaki dakika moja na nusu. Akisimama kukuna kichwa, wanalingana.

Kwa hiyo kijana akimpita na kumrushia "Shikamoo mzee" bila hata kupunguza mwendo, mzee aitikie marahaba, kidole gumba kikibaki pale alipo kwenye ramani. Bado hajashindwa.

ADUI NI "NAPAJUA"

Ukweli lazima usemwe: umri unaleta shida zake. Ya kwanza ni macho. Ramani za mbio hizi kwa kawaida huwa na kipimo cha 1:4,000, yaani sentimita moja ni mita 40. Mlango kwenye ukuta unakuwa kijinafasi kidogo tu kwenye mstari mweusi. Bila miwani ya kusomea, mzee ataona ukuta mtupu. Aivae, aifunge kamba isidondoke.

Ya pili ni kubwa zaidi: kujiamini. Tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, mji umekuwa ukiongezeka, na Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia 2016, ujenzi ukapamba moto. Njia ya mkato ya juzi, leo ni ukuta. Mzee anayekimbia kwa kumbukumbu anakimbia kwenye mji ambao haupo tena. Anayejifunza upya anaelekeza ramani sawasawa na ardhi, anahakikisha kaskazini iko mahali pake, kisha anaamini karatasi.

Tena hapo pana fundisho gumu kwa mtu aliyezoea kuwa mkubwa wa ofisi au wa nyumba. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Humu ukishaondoka huulizi mtu njia, unaiuliza ramani. Maswali yote yaishe kabla, hata kama mwenye majibu ni kijana wa umri wa mjukuu.

KUANZA BILA MBWEMBWE

Kwanza hospitali: presha, sukari, magoti. Kisha muda: saa 12 asubuhi, kabla jua na upepo wa vumbi havijaamka. Viatu viwe vya kukamata, maana changarawe ya Dodoma inateleza na kifundo cha mguu cha mtu mzima hakiponi haraka.

Mahali pa kujifunzia pasiwe mjini kwenye magari na bodaboda. Kiwanja cha shule kinatosha, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Mwalimu wa jiografia au mtu aliyepita skauti anaweza kuchora ramani na kuweka vituo kumi. Sheria moja isisahaulike: palipopakwa kijani cha mzeituni haparuhusiwi kukanyagwa. Kwenye mji wenye ofisi nyeti kila kona, hiyo si sheria ya mchezo tu.

Mara ya kwanza tembea. Wala si aibu. Mashindano ya dunia ya wakongwe hupokea watu kuanzia miaka 35, hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, na yamewahi kuwa na washiriki waliovuka miaka 90. Hapo hakuna anayeulizwa kwa nini amechelewa kuanza.

Anayetembea na kupata vituo vyote kumi yumo kwenye matokeo. Aliyekimbia na kukosa kimoja hayumo. Ni michezo michache inayompa mtu wa miaka 60 ahadi kama hiyo.