Kuchagua Ufukwe kwa Matembezi ya Familia: Tarehe ya Mwezi Kwanza, Mahali Baadaye

Mji wa Chake Chake una bahari lakini hauna ufukwe. Umekaa kichwani mwa hori lililojaa mikoko, na maji yakipwa hori hilo hubaki tope na vijito vyembamba ambavyo hata vyombo vidogo hupita kwa taabu. Familia ya mjini inayotaka kuwapeleka watoto kuoga baharini hulazimika kusafiri, na hadi inapoondoka huwa imekwishakodi gari, imepika, na imewaahidi watoto. Ikifika na kukuta maji yamekwenda mbali, au wimbi linapiga kiasi cha kumtisha mtu mzima, si rahisi kugeuza gari. Mara nyingi watu hubaki, na watoto huingia majini mahali na wakati usiofaa.

Ni desturi kuanza kwa kuuliza ufukwe upi ni mzuri. Swali lenye manufaa zaidi ni lile ambalo wavuvi huulizana kila siku: leo mwezi ngapi?

Bahari ya Pemba hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4, hasa katika bamvua kubwa za Machi na Septemba. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Siku za bamvua katika pwani zetu, bahari huwa imekupwa kiasi cha saa nne asubuhi na hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji huwa juu asubuhi na chini alasiri. Anayejua tarehe ya mwezi anaweza kukisia saa ya maji bila ya kifaa chochote, kwa kuongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati wa sikukuu. Idd el Fitri huwa mwezi mosi Shawwal, kwa hiyo kila mwaka, bila ya kukosa, huangukia bamvua. Familia zinazofika ufukweni asubuhi ya Idd hukuta bahari imekwenda mbali, mchanga uko wazi, na mafungu yametokeza. Watoto hukimbilia huko kucheza na kuokota kombe, na hapana anayewakataza kwa kuwa maji hayafiki hata vifundoni.

Lakini maji hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda polepole mno, hata mtu hudhani hayajageuka. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba karibu nusu ya maji yote. Kwa siku ya bamvua iliyopwa saa nne, hiyo ni baina ya saa sita na saa nane mchana, na bahari katika muda huo huweza kupanda kwa karibu mita moja kila saa. Mtoto ambaye maji yalimfika magotini saa sita, asipoondoka mahali alipo, saa saba yanaweza kuwa yamempita kichwa. Isitoshe, maji hujaza kwanza vijito na mabonde yaliyo baina ya fungu na nchi kavu, kwa hiyo aliye juu ya fungu huzungukwa kabla ya kulowa. Na huo ndio wakati ambao wazazi wako chini ya kivuli wakipakua chakula. Kanuni inayofaa ni kuwa maji yakishageuka, watoto wote warudi upande wa nchi kavu, na chakula kiliwe wote wakiwa pamoja.

Idd el Hajj ni tofauti. Huwa mwezi kumi Dhul-Hijja, siku za maji mafu au punde baada yake, na maji huwa juu karibu na adhuhuri. Bahari ya siku hiyo haina mabadiliko makubwa, na kwa watoto wadogo ni siku iliyo bora zaidi.

Baada ya mwezi, upepo. Wakati wa kusi, kuanzia kiasi cha Aprili hadi Septemba, upepo hutoka kusini-mashariki na pwani ya mashariki hupigwa moja kwa moja. Upande wa magharibi hustiriwa na kisiwa chenyewe. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, pwani inayotazama kaskazini-mashariki ndiyo inayochafuka. Vipindi vya maleleji, upepo unapobadilika, ndivyo vyenye bahari tulivu pande zote, ingawa masika huweza kuharibu barabara za udongo na matembezi yenyewe.

Kwa wakaazi wa Chake Chake, pwani ya Vitongoji upande wa mashariki ndiyo iliyo karibu na yenye gharama ndogo. Ina vihori vya mchanga baina ya majabali, na maji yakiwa juu hufaa kuoga. Yakipwa, miamba hutokeza na ni lazima kuvaa viatu, kwani katika mashimo ya miamba hukaa wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na taa hupenda kujifukia kwenye mchanga wa maji haba. Ni busara kuburuta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa asikie mtikisiko na kuondoka. Katika pwani nyingi za mashariki pia kuna vigingi na kamba za mwani. Hayo ni mashamba ya watu, na aghalabu ni ya akina mama. Watoto wasipite ndani yake wala kuning'inia kambani.

Vumawimbi, kaskazini, ndio ufukwe unaosifiwa zaidi, na sifa hizo si za bure: ni ghuba refu la mchanga mweupe, nalo hufikiwa kwa kupitia Konde na msitu wa Ngezi. Lakini jina lake limesema ukweli. Hukabili bahari ya wazi, hauna duka, na ni mbali na hospitali. Kwa familia yenye watoto wadogo, Vumawimbi ni wa maleleji, na katika kaskazi kali ni wa kutazamwa tu. Ng'ambo ya rasi hiyo hiyo ya Kigomasha, fukwe zinazotazama magharibi, kama Verani, huwa shwari wakati wa kusi. Hata hivyo, karibu na ncha ya rasi mkondo ni mkali na haifai kuoga. Wambaa, katika Wilaya ya Mkoani, nao uko magharibi na hufaa kwa msimu huo huo.

Kisiwa cha Misali kinahitaji maelezo yake. Ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1998, na tangu 2005 kimo katika eneo kubwa la hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Masimulizi ya wenyeji yanasema Nabii Khidhr aliomba msala wa kuswalia, akaukosa, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, jina likabaki. Maji yake ni maangavu na kasa hutaga mayai huko. Anayetaka kwenda aulize mapema utaratibu wa hifadhi na ada zake, achukue maji ya kunywa ya kutosha, kwani kisiwani hayapo, na asiokote kombe wala mayai.

Safari ya Misali ni ya chombo, na hapo ndipo pa kusimama imara. Wapemba hawahitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilipozama MV Spice Islander ikiwa imejaza abiria kupita kiasi. Mashua ndogo ya matembezi huzama kwa sababu hiyo hiyo. Mkuu wa familia ahesabu watu na ahesabu maboya kabla ya kupanda. Hesabu zisipolingana, chombo hicho hakifai, hata kama nauli imekwishalipwa na nahodha ni jamaa.

Ufukweni, apangwe mtu mzima mmoja wa kutazama maji tu kwa zamu ya nusu saa, asiye na simu mkononi wala sufuria mbele yake. Watu wazima ishirini wanaodhani kila mmoja anatazama ni sawa na kutokuwapo mtu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mwenye kuvutwa na mkondo asishindane nao kuja moja kwa moja nchi kavu. Aogelee kuelekea ubavuni, sambamba na ufukwe, mpaka atoke katika nguvu yake. Anayekwenda kumwokoa mwenzake achukue dumu tupu lililofungwa mfuniko, ambalo huelea na kumbeba mtu. Akina mama wanaoingia majini na watoto wavue buibui kwanza na kubaki na nguo nyepesi ya stara, kwani buibui likilowa huwa zito na hufunga miguu.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, na vikapu vya ukili vinatosha kwa chakula. Chupa na mabaki yarudishwe mjini, kwa kuwa fukwe nyingi hazina mapipa. Kwa wanaotegemea gari za abiria, ni vyema kukubaliana na dereva saa ya kurudi kabla ya kushuka. Siku za bamvua, saa hiyo isizidi saa kumi alasiri, maji yanapokuwa juu kabisa na mchanga wa kukalia umebaki haba.