Ramani ni Ngao ya Mambo ya Kale

Askari aliyefunzwa kusoma ramani anajua kwamba mahali pasipojulikana mipaka yake hapalindiki. Kanuni hiyo ya kambini ndiyo inayotumika leo kuhifadhi magofu ya pwani yanayoliwa na bahari, nayo yafaa kuzingatiwa na familia za Arua na Koboko.

Huko Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, yamesimama magofu ya msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta alifika katika mji huo mwaka 1331. Mwaka 1981 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2004 ikautia miongoni mwa urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yamekwisha kubomoa sehemu ya ngome iitwayo Gereza, iliyo ukingoni mwa maji.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliyapima magofu hayo kwa chombo cha leza. Chombo hicho hutupa miali ya nuru ukutani na kupima umbali kwa muda ambao miali huchukua kurudi. Nukta mamilioni zikikusanywa, kompyuta hulichora jengo zima pamoja na nyufa zake. Jengo likipimwa tena baada ya miaka kadhaa, michoro miwili hulinganishwa, na upungufu huonekana dhahiri. Aidha, kuta za kuzuia mawimbi zilijengwa ufuoni, na wenyeji wakapanda mikoko. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari.

West Nile haina bahari, lakini ina mto. Kando ya Nile, katika wilaya ya Moyo, ipo ngome ya Dufile, iliyoanzishwa katika miaka ya 1870 na baadaye kushikwa na askari wa Emin Pasha. Mwaka 1888 askari hao walimfunga Emin humo, kisha mwezi wa Novemba wakawarudisha nyuma Wamahdi waliowashambulia. Wanubi wengi wa Uganda huhesabu nasaba yao kutoka kwa askari hao, na Kinubi chao kingali kikisemwa katika nyumba za Arua na Koboko.

Dufile haikujengwa kwa mawe kama Kilwa. Alama yake kubwa ni handaki na tuta la udongo, na udongo huondoka upesi kuliko jiwe. Miaka ya 2006 na 2007 watafiti wakiongozwa na Merrick Posnansky waliichimba ngome hiyo. Hata hivyo, kipimo cha mara moja hakitoshi, kwa kuwa mto haupumziki: mwaka 2020 maji ya Nile yalipanda na kuingia katika makazi ya kandokando.

Kazi hii haiwahusu wataalamu peke yao. Askari na polisi huhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na makaburi ya wazee hubaki nyuma bila alama. Familia yaweza kwenda na mzee mmoja makaburini, ikachora ramani katika daftari, ikaandika majina, na kunakili nambari za mahali zinazoonyeshwa na simu. Nakala moja hukaa nyumbani, nyingine kwa jamaa aliye mbali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usioonekana hauzibwi, na kaburi lililosahauliwa halina ukuta wa kujengwa upya.