Kumwombea Jirani Mwenye Mdomo

Nyumba ya kupanga ya Manzese, Tandika au Mbagala imejengwa kwa namna ambayo siri haikai. Korido moja katikati, vyumba kulia na kushoto, uani choo na bafu la wote, bomba moja, mara nyingi na mita moja ya LUKU. Ukuta wa chumba haufiki kwenye bati, na hata penye silingi bodi sauti hupita. Mpangaji mwenzako anajua umeamka saa ngapi, umepika nini, nani amekuja kudai marejesho ya mkopo na mumeo amerudi katika hali gani. Anayajua bila kupeleleza. Shida huanza pale anapoyabeba hadi kwenye foleni ya maji, gengeni na saluni, yakaongezwa chumvi njiani, mpaka yakakurudia mwenyewe yakiwa habari usiyoitambua.

Umbea wa namna hii umevunja ndoa na uchumba, umewahamisha watu nyumba walizozizoea. Mahali pengine umeua. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga imewazika bibi vizee waliokatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ushahidi wote ulikuwa macho yao mekundu, macho yaliyoharibiwa na miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Neno la kwanza lilitoka kwa mtu aliyewafahamu, aliyeishi karibu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema masengenyo ni mambo madogo ya kinamama. Kwanza wanaume wa kijiweni na wa kwenye bao wanasengenya sana.

Pwani ina njia yake ya zamani ya kujibu: fumbo. Aliyesengenywa hununua kanga yenye jina linalomgusa mbaya wake, akaifunga siku anayojua watakutana shughulini. Taarabu ya mipasho iliukuza ufundi huo. Mtu anasimama kwenda kumtunza mwimbaji katika ubeti unaomhusu hasimu wake, na ukumbi mzima unaelewa. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na status ya WhatsApp, na Wakristo wameiingiza Biblia humo humo. Zaburi ya 35, ambamo Daudi anamlilia Mungu apigane na wanaopigana naye, inawekwa hewani baada ya ugomvi wa zamu ya kufagia uani. Jirani anaisoma, naye anaweka ya 109.

Sala nayo imepata sura hiyo. Maombi ya usiku wa manane yanapandishwa sauti ili yasikike upande wa pili wa ukuta: mishale irudi ilikotoka, madhabahu za adui zivunjwe, kinywa kinachoninenea mabaya kifungwe. Sizipingi Zaburi za kilio. Mtu aliyeumizwa ana haki ya kulia mbele za Mungu kwa maneno makali kuliko yale anayoweza kuyatamka mbele za watu, na ni afadhali ayamwage hapo kuliko kuyatendea kazi. Ila Daudi alimwachia Mungu hukumu. Ukizisali Zaburi hizo ili jirani asikie, umesema na jirani, hujasema na Mungu, na asubuhi utakuta uadui umezidi.

Kuna sala nyingine inayonitia hofu zaidi kwa kuwa imevaa upendo. Kwenye kikundi cha maombi mtu anaanza: “Wapendwa, tumkumbuke Mama Neema. Mnajua nyumba yake haina amani, na yule binti yake sasa…” Wote wanaitikia amina, kisha kila mmoja anarudi kwake na habari ambayo alipokuja hakuwa nayo. Mama Neema amesengenywa akiwa ametajwa mbele za Bwana. Kiongozi wa maombi anaweza kulikomesha hili kwa utaratibu mwepesi: asiyekuwepo atajwe jina tu, sababu aachiwe Mungu.

Mkristo wa kwetu hana pa kulikimbia jambo hili, na historia ya Kanisa lenyewe inaonyesha kwa nini. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua maisha ya Kanisa yasimame juu ya jumuiya ndogo ndogo za watu wanaoishi karibu karibu. Mwaka 1976 wakakutana tena na kuifanya kazi hiyo kipaumbele. Kanisa lingeweza kuwapanga waumini kwa kwaya, kwa kazi au kwa lugha za makwao. Likachagua mtaa. Jumuiya ina mtakatifu wake somo, ina mwenyekiti, katibu na mhazini, inakutana kila wiki kwa zamu ya nyumba kwa nyumba, wengine alfajiri kabla ya kwenda kazini, wengine jioni. Walutheri nao wana jumuiya zao za mitaa pamoja na wazee wa kanisa. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka kufunga ndoa, ukifiwa, jumuiya ndiyo inayoulizwa kama inakufahamu.

Kwa hiyo yule anayekusema bombani anaweza kuwa ndiye atakayeongoza rozari sebuleni kwako wiki ijayo, na ndiye atakayekesha jikoni kwako siku ya msiba. Maaskofu walipochagua mtaa walimchagua na huyo. Jumuiya inayosoma Injili, ikatoa tegemeza, ikasikiliza matangazo na kufunga sala huku watu wawili wakiwa hawasalimiani, imeruka kazi iliyoundiwa.

Kumwombea jirani huyo kunaanzaje basi? Ninayemtegemea zaidi hapa ni mwanamke wa Kiafrika, Monika wa Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo, ambaye Wakatoliki humkumbuka tarehe 27 Agosti. Mapadre humsifu kwa machozi yake ya miaka mingi juu ya mwanawe Agustino. Ila mwanawe huyo, katika kitabu cha tisa cha Maungamo, ameandika jambo jingine ambalo mimbarani halisikiki sana. Monika aliolewa akakuta watumishi wa nyumba wamekwisha kumjaza mama mkwe maneno juu yake. Mama mkwe akamchukia. Monika hakujibu kwa maneno. Aliendelea kumtumikia kwa upole na uvumilivu, mpaka yule mama mwenyewe akawaumbua wachonganishi mbele ya mwanawe, yaani mume wa Monika, na tangu hapo wakaishi kwa mapatano mema. Mwana akawachapa viboko watumishi wale, na hapo mimi namwacha. Nashikilia alichofanya Monika.

Kuna na la pili. Wanawake waliogombana walikuwa wakimwendea Monika, kila mmoja akimtapikia uchungu wake juu ya mwenzake. Yeye alisikiliza pande zote mbili, na hakupeleka ng’ambo neno lolote ila lile lililoweza kuwapatanisha. Agustino anakiri kwamba angeliona jambo hilo dogo, kama asingewaona watu wasiohesabika wakifanya kinyume chake, wakipeleka maneno ya hasira na kuongeza yasiyosemwa. Naamini malezi hayo ndiyo yaliyomfuata hadi uaskofuni Hippo. Posidio, aliyeishi naye, anasimulia kwamba mezani pake paliandikwa beti za kuwaonya wageni wasiwaseme wasiokuwepo. Siku moja maaskofu wenzake walipojisahau, aliwaambia ama maandishi yafutwe, ama yeye ainuke aende chumbani kwake.

Hiyo ndiyo sala ninayoipendekeza kwa aliyesengenywa: amtaje jirani kwa jina lake, ataje na watoto wake, aombe wapate ada, afya na riziki, kisha mchana atunze mdomo wake mwenyewe. Ni ngumu. Siku za kwanza jina lenyewe linakwama kooni. Lakini Baba Yetu tunayoisali kila siku imetufunga kwa sharti la kusamehe, na mtu hawezi kuikwepa sehemu hiyo moja akaendelea kuomba mkate. Anayesali novena au kukesha kwa ajili ya adui yake hugundua pia asichokitarajia, kwamba mbea mara nyingi ni mtu mpweke, aliyebanwa na mikopo ya kausha damu, ambaye habari za watu ndizo kitu pekee alicho nacho cha kuwakaribishia wenzake.

Baada ya sala, miguu. Mathayo 18 inapanga hatua wazi: nenda kwanza wewe na yeye peke yenu, asiposikia nenda na mmoja au wawili, ndipo jambo lifike kwenye kusanyiko. Watu wengi tunaanzia mwisho, tunaanzia kwa mtaa mzima. Watu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukapita Uganda hadi Bukoba na Kenya, waliishika hatua ya kwanza kwa ukali. Kutembea nuruni kwao kulimaanisha kumwendea mtu na kumwomba radhi kwa sehemu yako, hata kama yake ni kubwa zaidi. Mathayo 5 nayo inamwagiza mwenye sadaka mkononi, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache madhabahuni akapatane naye kwanza. Anayeambiwa aende ni yule aliyekumbuka.

Adabu yetu inasaidia hapa kuliko tunavyoithamini. Usiende na hasira ya siku ile ile, wala mbele ya watoto na wapangaji. Nenda jioni kazi zikiwa zimepungua, piga hodi, subiri ukaribishwe. Akiwa mkubwa kwako, shikamoo yake mpe, ugomvi haufuti umri. Kaa. Muulize habari za nyumbani kabla ya kutaja lililokuleta, kisha liseme moja tu: “Mama, nimesikia neno fulani limesemwa juu yangu, nimeona nije kwako mwenyewe kuliko kulisikiliza nje.” Usimtaje aliyekuletea, maana utakuwa umezalisha ugomvi mwingine. Akikana, pokea. Ameshajua kwamba unajua, na kwamba ulikuja mlangoni, hukwenda bombani.

Jirani akiwa Mwislamu, na mitaani kwetu mara nyingi ndivyo ilivyo, njia haibadiliki. Kurani inamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa, na wazee wa msikitini wanalijua fundisho hilo vizuri. Mzee mmoja wa jumuiya na mzee mmoja wa Kiislamu wakiketi pamoja ukumbini, ni wachache watakaothubutu kuwakataa.

Wapo wasiobadilika. Utaomba, utaendea, utapeleka wazee, na maneno yatazidi. Paulo, akiwaandikia Warumi, anataka tukae kwa amani na watu wote kwa kadiri inavyowezekana kwa upande wetu; upande wa pili si wako. Hapo msamaha unabaki, lakini siri zako hulazimiki kumpa. Salamu mpe, msibani kwake nenda, mazungumzo yaishie hapo. Na uzushi ukigusa uhai au utu wa mtu, akiitwa mchawi, mwizi au mbakaji bila ushahidi, usingoje novena imalizike. Nenda kwa mjumbe, kwa serikali ya mtaa, polisi. Sheria ya Uchawi ya Tanzania inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi kama kosa la jinai. Kumpeleka mtu kwenye sheria ili bibi kizee asiuawe hakuvunji upendo wa Kikristo.

Nawaomba wenyeviti wa jumuiya jambo moja. Kabla ya Kwaresima na kabla ya Majilio, tengeni mkutano mmoja usio na michango wala matangazo. Msiruhusu ugomvi wa mtu usomwe hadharani. Wapeni watu nafasi ya sala ya kimya, kisha wafunguliwe mapema, giza halijaingia, ili aliye na neno na jirani apate muda wa kupiga hodi siku hiyo hiyo.