Omena ya Agosti: Tuangalie Mwezi Kabla ya Kuchukua Mkopo

Kila mwaka Julai ikikaribia kuisha, akina mama wanaouza samaki hapa Laini Saba huanza kutuuliza swali moja: "Mkopo wa chama utatoka lini? Omena inafunguliwa!" Swali hilo ni la haki. Lakini siku hizi, kabla ya kujibu, sisi huuliza: mwezi ukoje huko juu? Wengine hucheka wakidhani tumeanza uganga. Tungependa kueleza kwa nini tunauliza hivyo.

Mwaka 2023 mama mmoja wa chama chetu alichukua mkopo wa shilingi 6,000 mwishoni mwa Julai. Akatuma pesa zote kwa simu kwa mtu wa kumnunulia omena huko ziwani, apate ile ya kwanza kabisa. Wiki ya kwanza ikapita, gunia halikufika. Wiki ya pili pia ikapita. Marejesho ya kila wiki yalikuwa yanamngoja, na mwenye nyumba anabisha mlango. Mama alilia kwamba ameibiwa. Kumbe hakuibiwa. Mashua zilikuwa zimetulia ufuoni kwa sababu ya mbalamwezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jambo hilo. Sisi tulioidhinisha mkopo tulikosa pia.

KWA NINI OMENA HUFUNGWA

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, na ndani yake iko Ghuba ya Winam, ule mkono wa maji unaoingia bara hadi Kisumu. Ghuba hii haina kina kirefu. Vihori vyake na matete ya kando kando ni mahali ambapo samaki wengi hutaga na kulelea wadogo wao.

Kwa sababu hiyo serikali ya Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na wadogo wakue. Sheria inataka pia macho ya wavu wa omena yasipungue milimita 10. Wavu wa macho madogo zaidi hukokota hata watoto wa ngege na mbuta, na anayevua watoto leo atalala njaa kesho. Katika miezi hiyo minne sehemu ya omena tunayoona sokoni hutoka ng'ambo, Uganda wanakoiita mukene, au Tanzania wanakoiita dagaa. Safari ni ndefu, na bei nayo hupanda.

NAMNA OMENA INAVYOVULIWA

Wengi wetu tumekula omena tangu utotoni na hatujui inavuliwa vipi. Omena ni samaki wa usiku. Mchana hukaa chini kwenye maji, na giza likiingia hupanda juu kutafuta wadudu wadogo wa majini ambao ndio chakula chake. Taa nayo huwavuta wadudu hao, na omena hufuata.

Basi jioni wavuvi, mara nyingi wanne au watano, husukuma mashua yao ya mbao. Wengine wana injini, wengine tanga na makasia. Wakifika mahali pao huweka taa juu ya maji, kila moja ikielea peke yake, na kuziacha kwa muda. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri au za sola. Omena ikijikusanya chini ya mwanga, wavuvi huizungushia wavu polepole, taratibu, kisha huvuta. Kazi huendelea hivyo hadi alfajiri.

Usidhani ni kazi rahisi. Dhoruba ya usiku huweza kutokea ghafla, na mashua iliyojaa samaki huwa imezama sana majini. Mvuvi asiyevaa jaketi ya kuelea anacheza na maisha. Familia nyingi hapa Kibera zina ndugu katika kazi hiyo. Tukiwapigia simu tusiulize bei peke yake. Tuulize pia kama jaketi ipo.

MWEZI UNAINGIAJE HAPA?

Sasa tunarudi kwa mama yetu. Usiku wa mbalamwezi ziwa lote ni taa. Omena hutawanyika, na ile taa ndogo ya mvuvi haina nguvu ya kuikusanya. Kwa hiyo siku za karibu na mwezi mpevu mashua nyingi hupumzika, na wavuvi hushona nyavu.

Serikali hufungua msimu kwa kalenda, lakini mwezi haufuati kalenda hiyo. Mwaka 2023 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 1 Agosti yenyewe, siku ya kufungua! Giza kamili lilikuja tarehe 16, na mwezi mpevu ukarudi tarehe 31. Mwaka 2024 mambo yalikuwa kinyume: giza kamili lilikuwa tarehe 4 Agosti, kwa hiyo msimu ulifunguliwa katika siku nzuri za kuvua. Tarehe ni ile ile, lakini biashara ni tofauti kabisa. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, lakini mwezi hata sisi wa mjini tunaweza kuuona kwa kutoka nje ya mlango.

KUTOKA UFUONI HADI KIBANDANI

Mashua zikirudi asubuhi, wanawake hununua omena mbichi kwa karai na kuianika. Jua likiwa kali hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha kabla haijakauka huharibika, na nyingi huishia kuwa chakula cha kuku. Iliyoanikwa mchangani huja na mchanga wake. Iliyoanikwa juu ya nyavu au vichanja huja safi. Halafu hutiwa kwenye magunia, hupakiwa kwenye gari la usiku, hufika Gikomba, na mwishowe kwa gorogoro na kikombe hapa kwetu. Kila mkono inakopitia huongeza bei kidogo.

Tusifiche jambo moja. Katika fuo nyingi kuna desturi mbaya inayoitwa jaboya: samaki wakiwa wachache, mwanamke hudaiwa mwili wake pamoja na pesa zake ndipo apewe samaki. Desturi hii imeeneza ukimwi na kuvunja nyumba nyingi. Siku za mwanzo wa msimu, kila mtu anapogombania mashua zile zile, mama mwenye haraka ndiye anayebanwa. Wako waliokataa. Kuanzia mwaka 2011 akina mama wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walianza kupata mashua zao wenyewe wakawaajiri wanaume kuvua. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwaondoa makwao na kuwarudisha nyuma sana, lakini waliyoyafanya yalionyesha kwamba mwenye mashua hahitaji kumbembeleza mtu.

TUNASHAURI HIVI

1. Kabla ya kuchukua mkopo, hesabu mwezi. Kama tarehe 1 Agosti iko karibu na mwezi mpevu, ngoja siku nane au kumi. Omena haiishi.

2. Usitume pesa zote mara moja. Tuma nusu, pokea mzigo, ukague, kisha utume nusu nyingine.

3. Nunueni pamoja. Akina mama watano wakichanga gunia moja, wanaweza kumtuma mmoja wao anayeaminika afike ufuoni mwenyewe. Asiende peke yake, na aende kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, kwa kuwa ndiyo inayojua mashua zilizosajiliwa.

4. Kagua kwa macho, kwa pua na kwa vidole. Omena nzuri inang'aa kama fedha na tumbo lake halijapasuka. Ikiwa ya manjano au kahawia, mafuta yake yameanza kuoza. Vunja moja: ikikatika kwa sauti, imekauka. Ikipinda ina maji, na itashika ukungu kabla ya Jumamosi.

5. Chama nacho kijifunze. Sisi tumebadilisha utaratibu: mkopo wa omena ya Agosti hauanzi kurudishwa mpaka mzigo umefika, au wiki tatu zimepita.

Yule mama wa 2023 alipata gunia lake baada ya katikati ya Agosti, likiwa zuri kabisa. Lakini alikuwa ameshauza jiko lake la gesi ili alipe wiki mbili za kwanza. Gunia lilimrudishia mtaji, ila jiko hakulipata tena. Mwaka uliofuata alikuja ofisini mapema, akiwa na kalenda mkononi na siku za giza amezizungushia wino mwekundu. Alitufundisha sisi. Ndiyo maana tumeandika haya, ili mwenzake asiuze jiko kwa sababu ya mbalamwezi.