Fahamu Safari ya Zebaki Kutoka Machimboni Hadi kwenye Samaki wa Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mkazi wa Buzuruga, Manispaa ya Ilemela, anaponunua sangara sokoni hafikirii habari za dhahabu. Hata hivyo, zebaki inayotumika kuchenjua dhahabu katika machimbo madogo ya Kanda ya Ziwa, yakiwemo ya mkoa jirani wa Geita, inaweza kumfikia kupitia samaki huyo.

Zebaki ni metali iliyo katika hali ya kimiminika. Mchimbaji huichanganya na mchanga wenye dhahabu, ikanasa chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge hilo linapochomwa, zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Wa kwanza kuuvuta mvuke huo ni mchomaji mwenyewe, na familia yake iwapo kazi inafanyika nyumbani. Unaosalia hutua ardhini, na mvua huusomba hadi mitoni na ziwani.

Katika tope la chini ya maji, bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu inayoingia kwa urahisi katika miili ya viumbe. Wadudu wa majini huipata, dagaa na furu hula wadudu, naye sangara hula dagaa na furu. Kila hatua kiwango huongezeka. Ndiyo maana sangara mkubwa hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa. Kukaanga, kuchemsha au kukausha samaki hakuiondoi.

Zebaki haiozi. Hata katika bara la barafu la Antaktika, kusiko na mgodi, hupatikana kwenye udongo wa makazi ya pengwini na sili. Hufikishwa huko na upepo na bahari, huingia mwilini mwa wanyama kwa chakula, kisha hurudi ardhini kupitia kinyesi na mizoga yao.

Tafiti zilizofanyika Ziwa Victoria zimeonesha kuwa samaki wengi wana kiwango kilicho chini ya ukomo wa miligramu 0.5 kwa kilo. Samaki, kwa hiyo, ni chakula bora. Wajawazito, ambao watoto wao tumboni ndio huathirika zaidi kwenye ubongo, wanashauriwa kupendelea dagaa na samaki wadogo.

Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unataka kukomeshwa kwa uchomaji wa donge la zebaki hadharani na katika makazi ya watu. Nchini, biashara ya kemikali hiyo inahitaji usajili wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Wachimbaji wanahimizwa kutumia retoti, chombo kilichofungwa kinachopooza mvuke na kurejesha zebaki ili itumike tena. Chombo hicho humpunguzia mchimbaji gharama na kumlinda yeye na familia yake. Pia huizuia zebaki mahali pekee inapozuilika kwa urahisi, kwa kuwa ikishafika ziwani hakuna njia rahisi ya kuitoa.