Mwanafunzi wa Udaktari Anapopelekwa Kwenye Kikundi cha Jamii

Matibabu ya kifua kikuu kisicho sugu kwa kawaida huchukua miezi 6: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Mwanafunzi wa udaktari anayepelekwa kwenye kikundi cha jamii kinachowafuatilia wagonjwa hao majumbani hukaa wiki chache tu, kisha hurudi chuoni. Tofauti hiyo ya muda inapaswa kufikiriwa kabla mwanafunzi hajapanda basi, kwa kuwa atakapoondoka, mgonjwa atakuwa bado anameza dawa.

Utaratibu huu, unaoitwa kujifunza kwa kuhudumia, si mgeni Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliuingiza katika mtaala wake wa udaktari tangu mwanzo, na Makerere nayo inao. Unatofautiana na ziara za mafunzo, ambazo mwanafunzi huenda kutazama na kuandika ripoti. Robert Sigmon wa Marekani aliandika mwaka 1979 kwamba wanaohudumiwa ndio wanaopaswa kuwa na kauli juu ya huduma wanayopewa. Ni kanuni nyepesi kuitamka na nzito kuitii. Chuo kina ratiba, fomu za tathmini na wanafunzi wengi wa kugawa. Kikundi kina watu wachache wanaojitolea na daftari moja. Chuo kikiuliza, “Mnaweza kupokea wanafunzi wangapi?” kikundi hutaja idadi, maana mgeni hafukuzwi. Swali lililo bora ni, “Kazi gani inawashinda?”

Kazi inayowashinda mara nyingi haina fahari. Kwa mfano, watoto walio chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa wa kifua kikuu wanapaswa kuchunguzwa na, wasipokutwa na ugonjwa, kupewa dawa za kinga. Kikundi huenda kinawajua wagonjwa wake wote kwa majina, lakini hakijapata nafasi ya kulinganisha daftari lake na rejista ya kliniki ili kubaini ni nyumba zipi zina watoto ambao hawajafikishwa kituoni. Wanafunzi wawili wanaweza kuifanya kazi hiyo na kuimaliza ndani ya muda wao. Huo ndio mpango mzuri: kazi inayokwisha kabla mwanafunzi hajaondoka, si ile inayomfanya mgonjwa amtegemee kisha amkose.

Katika vikundi vingi, mhudumu wa kujitolea ni mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu mwenyewe. Mwanafunzi amesoma kwamba rifampisini huubadilisha mkojo uwe na rangi ya chungwa. Mhudumu anakumbuka hofu aliyoipata siku ya kwanza alipouona, na anajua namna ya kumtahadharisha mgonjwa mapema ili asiache dawa. Hapo mhudumu ndiye mwalimu, na chuo kingefanya haki kumlipa nauli na muda wake kama kinavyowalipa walimu wengine.

Lipo jambo dogo linaloharibu mengi: koti jeupe. Katika nyumba yenye wapangaji sita, koti likiingia uani, kila mpangaji atauliza nani anaumwa nini. Mwanafunzi na avae nguo za kawaida, atangulizwe na mhudumu anayezoeleka pale, na asitaje jina la ugonjwa mlangoni. Mahali pa kuzungumzia nako si rahisi kupachagua. Nje hewa ni nyingi, na hewa hupunguza hatari ya kuambukizana, lakini nje masikio pia ni mengi. Ndani kuna faragha, ila dirisha huenda halifunguki. Mhudumu na mgonjwa ndio wanaojua saa ambayo ua huwa mtupu, waulizwe wao. Barakoa ivaliwe panapohitajika, na mgonjwa aelezwe kwanza sababu yake, asije akadhani anatengwa.

Mwanafunzi habadilishi dozi, hasimamishi dawa, wala hatoi ahadi ya chakula au fedha. Akimkuta mgonjwa anatapika mfululizo au macho yake yamekuwa ya manjano, hiyo inaweza kuwa dalili ya ini kudhuriwa na dawa: msimamizi aarifiwe papo hapo na mgonjwa afikishwe kituoni siku hiyo hiyo.

Mgonjwa naye ana kauli. Anaweza kumkataa mwanafunzi leo na kumkubali kesho, au kumkataa moja kwa moja, na dawa zake na ufuatiliaji wake vikaendelea vilevile. Aambiwe hivyo na mhudumu wake, mwanafunzi akiwa hayupo, kwa sababu si rahisi kumwambia mgeni aliyeketi mbele yako kwamba humtaki.

Wiki ya mwisho isipangiwe kazi mpya. Mwanafunzi apite na mhudumu nyumba kwa nyumba kuaga, aache kwa kikundi orodha ya watoto waliochunguzwa na waliosalia, na amwambie kila mgonjwa jina la mtu atakayekuja wiki inayofuata.