Istiwai: mstari wa mabaharia, maneno ya Makobola

Muulize mwanafunzi wa Makobola Équateur iko wapi, atakuambia ni jimbo, na mji wake mkuu ni Mbandaka. Ni jibu sahihi. Lakini kwa ule mstari wenyewe mimi napenda zaidi neno la zamani, istiwai, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kuwa sawa.

Makobola na Baraka ziko karibu digrii 3 hadi 4 kusini mwa istiwai, kama Malindi na Mombasa. Nahodha aliyeshuka kutoka Omani hakuona mstari wowote majini. Aliona Nyota ya Kaskazini ikizidi kushuka kila usiku. Aliipima kwa kamal, yaani kibao chenye uzi wa mafundo, na urefu wake akauhesabu kwa vidole. Karibu na Kismayu ilikuwa imezama, naye akategemea nyota nyingine, kama zile za Msalaba wa Kusini. Ahmad ibn Majid aliyaandika mambo haya katika karne ya 15. (Sisi wa ziwa Tanganyika pia nyota ile hatuioni.)

Kilichobaki kwetu ni maneno. Kaskazi ni upepo unaoleta majahazi. Kusi huyarudisha, nao ukishavuka istiwai hupinda, ukavuma kutoka kusini-magharibi. Ongeza -ni, unapata kaskazini na kusini. Basi mvuvi wa Makobola anayesema upepo wa kiangazi unatoka kusini, anataja upepo wa bahari asiyoijua.